Sauti ya Tano

Kwaya ile ya gereza ilikuwa ya wanaume tu, kwa hiyo siku ya kwanza niliposikia sauti nyembamba juu ya zao nilidhani kuna mwanamke nyuma ya ukuta. Nilizunguka kumtafuta. Nyuma ya ukuta kulikuwa na mapipa ya maji na shati moja lililoanikwa, basi.

Shule niliiacha mapema, na miaka ya vita ilinikuta nikihamahama Bujumbura kwa vibarua. Nimesukuma magunia ya mchele kwa baiskeli, nimeuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, nimepaka geti rangi. Nilikuwa napaka geti la nyumba moja mtaa wa Kigobe niliposikia mzee ndani akiimba kwa lugha nisiyoijua, kwa kifua chote, kama mtu anayegombana na dari. Niliweka brashi chini nikaenda dirishani kumuuliza anagombana na nani. Alicheka mpaka akakohoa. Zamani alikuwa ameimba Ulaya katika opera, michezo ambayo watu hawazungumzi ila wanaimba tangu mwanzo hadi mwisho. Sasa alikuwa akifundisha wafungwa wa gereza la mjini, na mgongo wake ulikuwa umekataa kubeba kinanda kidogo cha mvukuto. Nilimuuliza maswali mengi hata akaona afadhali anipe kazi.

Wafungwa walimwita Metre, yaani mwalimu kwa Kifaransa. Opera waliitunga pamoja naye, nayo ilikuwa rahisi: nchi imekauka, watu wanashuka kuliomba ziwa mvua, na ziwa linawajibu. Mwanzoni waliona ni utani. Kapita, mfungwa mwenye umri aliyekuwa mkuu wa wenzake mle ndani, alimuuliza kama huko Ulaya mtu akitaka chumvi mezani anaiimba pia.

"Akiitaka sana, anaiimba," Metre alisema.

Tangu siku hiyo, bakuli za maharagwe zilipofika, ua mzima uliimba chumvi, kwa sauti nne.

Hizo nne ndizo Metre alizowagawia: mbili za juu, moja ya kati, na besi, ile ya chini kabisa. Besi halisi alikuwa mmoja tu, mkulima wa mpunga wa Buterere, mtu mpole, mwenye sauti ya chini mno hata vifuniko vya sufuria vililia alipovikaribia. Wengine walijipanga juu yake kama watu wanaopanda ngazi wakiishikilia kwa miguu. Na siku waliyopatana sawasawa, sauti ya tano ikaja. Ilikaa juu ya zote, nyembamba, safi, bila maneno. Mmoja alinyamaza ili asikilize vizuri, ikakatika.

Metre alifurahi. Alituambia kwamba sauti zikipatana kweli zinazaa nyingine isiyo na mwimbaji, kwamba amewahi kuisikia huko Ulaya, na kwamba ni kazi ya hewa tu.

"Hewa ya nani?" kapita aliuliza.

Hakuna aliyecheka. Siku hizo milio ya bunduki ilishuka kutoka milimani hata mchana, na kila mtu mle uani alikuwa na watu wake aliowaacha njiani. Kila mmoja aliapa kwamba sauti ile inatoka nyuma ya jirani yake. Metre aliwabadilisha nafasi, ikahama nao. Popote alipowekwa besi, ndipo ilipokuwa.

Kisha besi akaacha kuimba. Alisimama mahali pake, mikono nyuma, mdomo umefungwa. Metre alisubiri, akapiga tena kinanda, akasubiri.

"Mi nina kilio, Metre," besi alisema. "Mutu mwenye kilio haimbi."

Kila mmoja alielewa. Kwetu aliyefiwa hujizuia mambo mengi, kuimba kukiwemo, mpaka jamaa wakutane, wanywe pamoja pombe ya mwisho na kuondoa msiba. Tunaita kuganduka. Kabla ya hapo, furaha ni kumkanyaga marehemu.

Alieleza polepole, akitazama mapipa. Tangu alipokamatwa katika msako, hakuna aliyemletea chakula. Gerezani pale, mwenye mke aliye hai huonekana siku ya wageni akiwa na bakuli mkononi. Yeye alikula sahani ya gereza. Alikuwa amesikia kwamba upande wao wa Buterere uliungua, lakini aliamua kutojua. Sasa hakuweza tena kutojua.

"Ile sauti ni ya bibi yangu," alisema, maana yake mkewe. "Amekuja kunijulisha. Na mi sina mutu wa kugandukia naye."

Metre hakumbembeleza. Alinigeukia mimi, kwa sababu ni mimi niliyekuwa na miguu inayoruhusiwa kupita lango. Nilimuuliza besi njia. Akanielekeza: baada ya mfereji, nyumba yenye mlango wa bati la buluu. Nikikuta kaburi, alisema, nimwambie ni kaburi.

Kule Buterere maji yalikuwa njiani, na mpunga ulikuwa umeota hadi kwenye misingi ya nyumba zilizoungua. Mlango wa buluu niliuona mbali, lakini ulikuwa umeegemezwa kwenye nyumba nyingine. Mbele yake mwanamke alipepeta mchele, na mama mmoja mzee alikaa kizingitini. Niliuliza habari za mke wa fulani. Mpepetaji akasema ni yeye. Nikamwambia nani amenituma.

Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akaangalia miguu yangu, nadhani aone kama inagusa ardhi.

"Usinitanie, kaka," alisema. "Ule mutu tulishamuzika."

Baada ya msako, mtu alikutwa kwenye mpunga, uso umeharibiwa na maji, amevaa koti la mumewe. Kiwiko cha koti alikuwa amekishona mwenyewe kwa uzi wa kijani, maana mweusi ulikuwa umemwishia. Walimzika, walimlilia, na walikuwa wameshaganduka: pombe ya ndizi ilinywewa, nguo ziligawiwa. Mimi nilisimama pale nikimtetea mtu aliyekwisha kuagwa.

Mama wa kizingitini, shangazi wa mumewe, hakuninyima nafasi ya kusema. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia mke kwamba mtu aliyekwisha kugandukiwa hapelekewi chakula. "Ukimulisha, unamulisha nani?"

Mke aliniuliza kama mumewe bado analala na mkono chini ya shavu. Sikujua. Aliuliza kama amekonda, nikasema wote wamekonda. Ninachokijua vizuri ni sauti yake, nilisema, nikajaribu kuitoa, chini kabisa, kwa koo langu la muuza ndagala. Alijifunika mdomo kwa kanga. Shangazi aliingia ndani. Niliondoka bila ahadi yoyote.

Besi aliposikia kwamba mkewe yu hai, neno la kwanza alilotoa lilikuwa, "Koti?"

Katika lori walimokusanywa, alisema, aliketi karibu na mtu mwenye homa. Mtu huyo alitetemeka, sauti imebaki uzi tu, akimuomba Mungu blanketi. Besi akamuazima koti. Njiani lori lilisimama, baadhi wakateremshwa, na yule akateremka na koti. Jina hakumuuliza, alidhani watafika pamoja.

Kisha akanitazama kwa huruma. "Weye unapenda hadithi, kaka. Pengine ulikuta kaburi, ukaona vibaya kunieleza. Nitaamini nikimuona."

Onyesho lilikuwa Jumapili baada ya misa. Wageni walipewa mabenchi, na jamaa wa wafungwa walisimama nyuma na bakuli zao. Besi alikubali kusimama na wenzake ili safu isiwe na pengo. Watu wakashuka kuliomba ziwa mvua, sauti tatu bila chini, na wimbo ukayumba kama meza yenye mguu mfupi. Metre alipiga kinanda kwa nguvu zaidi kuziba shimo.

Nilikuwa nimekaa karibu na bomba. Niligeuka, nikamwona mke wa besi amesimama kando yangu, bakuli limefungwa kwa kitambaa. Shangazi alikuwa nyuma yake, amekunja uso.

Besi naye alimwona. Alifungua mdomo.

Sauti iliingia kutoka chini ya kila kitu, na wenzake wakapanda juu yake bila kumwangalia. Na pale pa ziwa kujibu, ya tano ikaja, juu, wazi kuliko siku zote. Sijawahi kuona mtu akitazama mdomo wa mtu kama besi alivyoutazama wa mkewe. Nami niliutazama. Midomo ya mkewe ilikuwa imebanwa. Sauti iliendelea kupita juu ya vichwa vyetu, naye akanishika mkono.

"Kaka, nani ule anayeimba?"

Nilimwambia si mtu. Besi aliimba hadi mwisho bila kuondoa macho kwake, akiwa na furaha na hofu katika uso mmoja.

Waliporuhusiwa kukaribiana hawakugusana. Walisimama kama watu wanaosubiri kutambulishwa. Shangazi ndiye aliyefungua kitambaa, akaonja wali kwanza yeye, kisha akamsogezea bakuli.

"Kula," alisema. "Tuone kama kinashuka."

Kilishuka. Shangazi alifuatilia koo lake kwa macho hadi tonge la tatu au la nne, ndipo akakaa chini na kulalamika kuhusu magoti. Mke alianza kulia bila sauti.

"Ule wa koti," besi aliuliza. "Mulimulilia?"

"Tulimulilia sana. Hata majirani. Kitu hatukumupatia ni jina lake."

Besi aliacha kutafuna. Uani, wale wengine walikuwa wakinawa nyuso kwenye mapipa, na baadhi walikuwa bado wakiimba wimbo chinichini, kila mmoja sauti yake. Alisikiliza kidogo.

"Basi ni yeye anaimba," alisema.

Alimega wali, akauweka chini kando ya bakuli, mahali ambapo mtu angeketi. Shangazi aliona, hakumkataza. Alisogeza tu mguu wake ili kupisha.