Namba Chini ya Kakakuona

Mama Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea, na mageti yake yalidumu kuliko ndoa za walioyaagiza. Halmashauri ilipomwomba sanamu ya mnyama wa kuwekwa mbele ya soko, alichagua kakakuona, maana watu walikuwa wakimmaliza huku hata sura yake hawaijui vizuri. Magamba aliyakata moja moja kutoka kwenye madramu chakavu, miezi mitano mizima. Alitaka kitu kimoja tu: mtu akimkuta mnyama huyu shambani, asimdhuru, apige simu.

Simu ya nani sasa? Ile ya ofisi ya wanyamapori ilikuwa ikiita mpaka inachoka yenyewe. Mdogo wake, kitinda mimba aliyemlea tangu mama yao afariki, akasema, "Weka yangu, dada. Pikipiki ninayo. Wakipiga tu, namchukua nampeleka ofisini."

Roho ikatulia. Akaikata namba hiyo kwenye bati nene, kila tarakimu ukubwa wa kiganja, akaichomelea kwenye msingi wa sanamu. Na watu walisoma, wakapiga.

Asubuhi moja afisa wanyamapori akaingia karakana, kofia mkononi.

"Mama, ile namba ni ya nani?"

"Ya mdogo wangu. Si ndiye anayewaletea wanyama?"

"Hajaleta hata mmoja. Jana tumemkamata na watatu kwenye magunia, anawapeleka kwa mnunuzi. Simu yake imejaa shukrani za wakulima."

Mama Cheche alifunga karakana. Kumlea amemlea, kumwamini amemwamini, na sasa kijana huyo amemgeuzia kazi ya mikono yake kuwa mtego. Alimfuata mahabusu amuulize uso kwa uso.

Mdogo mtu hakuinua macho. "Kwani mimi niliwatafuta, dada? Walikuwa wananipigia wenyewe."

Kutoka hapo Mama Cheche alikwenda moja kwa moja sokoni, akaomba umeme kwenye duka la jirani, akaanza kuzikata tarakimu. Watu wakajaa. Mwanamke mmoja mwenye kikapu akamshika bega.

"Mbona unaiharibu, mama? Namba hiyo inasaidia. Mwezi uliopita nilimkuta mmoja shambani kwangu, kambeba mtoto juu ya mkia. Wanangu walitaka kumpiga, nikawakatalia. Nikapiga simu. Yule kaka alikuja upesi, mpole kweli, akawachukua wote wawili."

Mama Cheche akazima mashine.

"Ulifanya vizuri, mama," alisema, kisha akaiwasha tena.