Herufi Moja ya Kochoho

Kabla sijaona mtu nilisikia stepla. Ka, kisha kimya, kisha ka. Nilisimama nje ya chumba cha mikutano cha chuo, pale Masasi, Jumamosi mchana, nikajiuliza nani anabana karatasi taratibu hivyo, kana kwamba kila moja ina siri yake.

Alikuwa mhadhiri kutoka Newala, mama wa makamo aliyezoea kuniita mdogo wangu. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia bila kuinua macho, akachomoa nakala moja katikati ya nyingine, akanikabidhi.

Yeye na wahadhiri wenzake watatu walikuwa wameunda kikundi cha kusaidiana kuandika makala za kitaaluma, wakaniomba mimi, mwandishi wa riwaya, niwanyooshee sentensi. Utaratibu waliutoa mashambani. Watu wa Makote, kijiji cha huko kwao Newala, hupalilia mikorosho kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Sisi tulipalilia makala. Mwenye makala ndiye aliyepika. Siku hiyo tulikula muhogo na kunde zake, naye hakula. Alikuwa akitutazama mikono.

Nilijua sababu. Zamani mwenzake mmoja aliomba kusoma rasimu yake, akaichapisha kwa jina lake mwenyewe. Hii ya sasa, kuhusu wanawake wanaokausha mabibo yakawa kochoho, ndiyo pekee iliyobaki ya kumpandisha cheo kabla hajastaafu.

Wiki mbili baadaye ilikuwa zamu ya mhadhiri kijana, Myao wa Mkomaindo, anayeandika kuhusu vyakula vya watoto. Alisoma kwa sauti, akafika kwenye sentensi moja inayotaja kochoho. Mama aliomba auone ukurasa. Neno lilikuwa limeandikwa “kochoo”.

“Mdogo wangu,” akaniambia mimi, si yule kijana, “nakala yako iko wapi?”

Ndipo akatueleza. Katika kila nakala alikuwa ameliharibu neno hilo kwa namna tofauti, ili ikivuja ajue imetoka kwa nani. Iliyokosa h ilikuwa yangu peke yangu.

Kijana alicheka, kisha akagundua anacheka peke yake. “Mama, sisi Wayao h hatuna. Bibi yangu mpaka leo anabisha odi. Nyumbani tunasema kochoo.”

Iliwezekana kabisa. Lakini mimi nilikuwa naikumbuka Jumanne iliyopita, alipokuja kuniomba nakala ile, akisema yake ameisahau nyumbani, aone mama alivyopanga marejeleo yake. Nilimpa bila kufikiri; si ndiyo maana ya kikundi? Sasa nilimtazama midomo nikitafuta uongo. Sikuuona. Ukweli nao sikuuona.

“Ulimpa?” mama akauliza.

“Nilimpa. Kwa siku moja tu.”

Hakugomba. Alipita akikusanya nakala zake kwa kila mmoja wetu, hata ile ambayo mwenzetu alikuwa ameijaza masahihisho ya penseli, kazi nzuri ya siku kadhaa. Alimwambia huyo ahsante, akayakunja makaratasi yote pamoja na kuyatia kwenye mkoba. Makala ataimaliza mwenyewe, alisema, kama alivyoianza.

Nilitaka kumwambia kwamba aya yake ya tatu bado haijakaa sawa. Lakini hata mimi ningejishuku.

“Mkinihitaji, mje nyumbani mpige hodi,” alisema akiwa ameshika kitasa. “Ile yenye h.”

Kijana aliinuka, akafungua mdomo. Mlango ukafungwa nyuma ya mama.