Mwanga Ulioshuka Kisimani

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya kiangazi ambayo hata leo nikiikumbuka huacha kwanza ninachofanya. Nilikuwa bado mke kijana. Zaina, mtoto wangu wa kwanza, ndio kwanza alikuwa ameanza shule, na simu zetu zilikuwa zile za kubonyeza. Mimi si mzaliwa wa huku Handeni, hilo unalijua. Nimezaliwa Korogwe, pale Kwamndolwa, mjukuu wa mzee aliyefuata kazi ya mkonge na kuzeekea hukohuko. Nikaolewa huku na Mhando, Mzigua, mkulima wa mahindi, na kiangazi kikibana alikuwa mchimba visima.

Mwaka ule mvua za vuli hazikuja. Lambo tulilokuwa tukichota, na ng'ombe wa Wamasai wakinywa humohumo, lilibaki tope. Wanawake tulikuwa tunatoka alfajiri na ndoo, tunarudi jua limeshawaka, na mara nyingine tunarudi na ndoo tupu. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kisima alichochimba marehemu baba mkwe. Kilikauka zamani, kikafunikwa kwa mbao na mabati. Mhando akasema atakifungua akichimbe zaidi, maji hayawezi kuwa mbali.

Siku hizohizo tulikuwa na mgeni. Aliitwa Tumaini, binti mtaalamu kutoka chuo kikuu, aliyekuja kupima hewa ya misitu yetu. Alipanga chumba kwetu. Chombo chake kilikuwa kisanduku cha ukubwa wa begi la safari, kimesimama juu ya miguu mitatu, kinakula umeme wa betri ya gari. Kutwa alikielekeza kwenye kilima cha ng'ambo, ambako alikuwa amesimika sahani ya kurudisha mwanga. Watu walipita, wakatazama, wakaona hakuna kinachotoka mle, wakaendelea na safari zao. Wengine walisema anatafuta dhahabu kwa siri.

Mimi nilimuuliza. Nilikuwa nimemletea uji, nikasimama pale nikamwambia anieleze anachofanya.

"Humu ndani kuna uzi wa kioo, dada," akasema. "Mwembamba kama unywele, umeviringwa. Mwanga unazaliwa ndani ya uzi huo, unaongezewa nguvu humohumo, halafu unatoka umenyooka. Ndiyo leza yenyewe."

"Mbona siuoni?"

"Hauonekani. Ni mwanga wa infraredi. Ni jamaa wa lile joto linalokufikia usoni ukikaa karibu na jiko la mkaa, hata kama hujaligusa. Macho yetu hayaupati."

Akatoa kadi ndogo mfukoni, akaiweka mbele ya kisanduku, mahali ambapo mimi niliona hewa tupu. Katikati ya kadi pakawaka doa la rangi ya machungwa. Akaiondoa, doa likapotea. Akairudisha, likarudi. Akanipa nijaribu mwenyewe, akinionya nisichungulie kwenye tundu la chombo. Nilicheza na ile kadi kama mtoto. Siku zote hizo nilikuwa nikipita pale na kuni kichwani, na mwanga unakatiza uwanja wetu hadi kilimani na kurudi, wala sijui.

Akaniambia tena kwamba kila hewa ina mwanga wake inaoumeza. Ile hewa ukaa, tunayoitoa tukipumua, inameza mwanga huu wa kwake. Yeye anautuma, unarudi, anaangalia umepungua kiasi gani njiani. Akaisogeza sahani nyingine karibu, akaniambia nitoe pumzi taratibu kwa pembeni. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na mstari. Nilipotoa pumzi, mstari ukabonyea. Nilipoacha, ukainuka.

Mwanangu, nilikaa chini. Nimepumua tangu nizaliwe na sikuwahi kuiona pumzi yangu, labda ule mvuke wa asubuhi ukienda Lushoto kwenye baridi, na ule ni maji tu. Hii ilikuwa pumzi yenyewe. Nikampigia Zaina kelele aje, naye akapumua, na mstari ukabonyea kidogo kuliko wangu, kwa sababu kifua chake kilikuwa kidogo. Jambo lile lilinifanya nitake kulia, na sikujua kwa nini.

Sasa tuje kwenye kisima.

Mhando alikifungua siku ya upepo mwingi. Akateremsha koroboi, kile kitaa cha mafuta, kwa kamba, kama wachimbaji wanavyofanya kuijaribu hewa, ikafika chini inawaka. Akashuka, akachimba hadi jioni, akapandisha udongo mweusi unaonuka majani yaliyooza. Jioni yeye na mdogo wake wakakifunika tena, mbuzi na watoto wasije wakatumbukia.

Kesho yake hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Wakakifunua. Shabani, mdogo wake Mhando, akashika kamba, na Mhando akajifunga kiunoni. Majirani walishafika na ndoo, wakingoja kana kwamba maji yameshaonekana. Mke wa Shabani alikuwepo, amembeba mtoto mgongoni. Tumaini akatoka chumbani na kikombe cha chai mkononi.

"Kaka Mhando," akasema, "naomba usishuke kwanza. Niipime hewa ya humo."

"Nimeshinda humo jana, dada. Nimetoka mzima."

"Jana kulikuwa na upepo."

Shabani akacheka, na waliokuwepo wakacheka. Mmoja akauliza kama siku hizi mtu anaingia kisimani kwa cheti. Mhando hakucheka, lakini mguu wake mmoja ulishavuka ukingo.

Mama mkwe wangu, Bi Mwanahawa, alikuwa kwenye mkeka anachambua kunde. Alikuwa mwanamke mfupi ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Akaweka ungo chini, akaja.

"Mhando, baba," akamwambia mwanawe, "jana umeshaimaliza. Leo hujaijua. Binti wa watu amekuomba umngoje, hajakuomba ng'ombe. Una haraka gani na shimo?"

"Mama, hakuna kitu humo. Angalia mwenyewe."

"Usiseme kitu hakipo kwa kuwa wewe hukioni. Baba yako akiwa humo chini mimi nilikuwa simwoni, na nilijua yupo. Toa mguu."

Kicheko kikaisha. Mhando akatoa mguu, akafungua kamba kiunoni.

Tumaini akakileta kisanduku, akakiinamisha juu ya mdomo wa kisima. Akaifunga sahani kwenye kamba, Shabani akaiteremsha polepole. Wote tukajazana nyuma ya kompyuta, hata waliokuwa wanacheka. Mstari ulitulia. Sahani ikashuka, mstari ukashuka kidogo kwa kadiri Tumaini alivyotuambia utashuka. Ilipopita katikati ya kisima, mstari ukaanguka. Haukubonyea kama kwa pumzi yangu. Ulianguka mpaka chini kabisa na kubaki huko.

Tumaini alishika kinywa. "Sijawahi kuuona hivi," akasema taratibu. "Hewa ukaa ya majani yaliyooza imejaa huko chini, na leo hakuna upepo wa kuifukuza. Ni nzito, imelala kama maji. Mtu akiingia, anapoteza fahamu kabla hajajua kuna nini."

Mhando bado alikuwa anatazama shimo. Mama mkwe akaniagiza koroboi. Nikaiwasha mwenyewe, tukaiteremsha. Ilishuka inawaka vizuri mpaka pale pale mstari ulipoangukia, ikazimika. Haikuyumba, haikufifia. Ilizimika tu.

Mhando akaenda kuketi juu ya lile rundo la udongo alilolipandisha jana, mikono juu ya magoti.

"Saa hizi ningekuwa nimeshafika chini," akasema.

Shabani akiwa bado ameshika kamba akajibu, "Na mimi ningekufuata kukutoa."

Hapo ndipo nilipomtazama mke wa Shabani, naye akanitazama. Tulielewa wote wawili. Asingekuwa mmoja. Wangekwenda wawili, labda na jirani wa tatu, mmoja akimfuata mwenzake kwa upendo, kisha huku juu tungebaki sisi na ndoo.

Kazi ya siku ile ikageuka. Tulikata matawi ya mwarobaini yenye majani mengi, tukayafunga kwenye kamba, tukawa tunayashusha na kuyapandisha ili kuvuruga hewa ya chini itoke. Wale waliocheka walipokezana kamba bila kuambiwa. Kila baada ya muda Tumaini alipima, na sisi tukaja kuangalia. Mstari ulikuwa unapanda kidogo kidogo. Fikiria, mwanangu: watu wa kijiji wamesimama kwenye jua, wanatazama hewa ikisafishwa, kitu kisicho na rangi wala harufu, na wanaiona inapona. Mzee mmoja alikuwa akisema kimyakimya, "Imepanda tena, imepanda tena," kama anayehesabu pumzi za mgonjwa wake.

Katikati ya kazi mama mkwe akaomba ile kadi. Akaipeleka kwa mkono wake juu ya mdomo wa kisima, na lile doa la machungwa likawaka pale, kwenye vidole vilivyokunjamana. Aliliangalia muda mrefu.

"Subhanallah," akasema. "Mola ametuwekea mianga mingapi ambayo hajatuonyesha?"

Tumaini akamwambia, "Mingi, bibi. Mingi kuliko tunayoiona." Nikamwona naye anafuta macho.

Baada ya sala ya alasiri koroboi ilishuka mpaka chini na kuendelea kuwaka, na mstari ukawa mahali pake. Mhando akashuka amefungwa kamba, akatoka kila Tumaini alipomwita ili hewa ipimwe upya, na hakubisha hata mara moja. Maji aliyapata siku kadhaa baadaye. Yana chumvi kidogo, unayajua, ndiyo hayo tunayopikia hadi leo. Tumaini alimaliza kazi yake akapanda basi la Korogwe. Shabani yuko Mnyuzi, ana wajukuu. Na Mhando ndiye huyo anayekohoa barazani na redio yake.

Sasa nisikilize. Ninyi vijana mnakwenda kuchimba, wengine migodini, wengine visimani, wengine kwenye kazi ambazo mimi sizijui hata kwa jina. Mtu akikuambia ngoja nipime, mngojee, awe msomi au mama mzee mwenye ungo. Usione haya kusimamishwa mbele ya watu. Usitegemee usalama wa jana. Na ukikutana na jambo usilolijua, lisogelee uulize, lishangae, usilicheke, maana dunia hii imejaa vitu vinavyotupita usoni kila siku na hatuna macho ya kuviona. Anayekuletea macho hayo, mpe kiti na mpe uji.

Nenda mwanangu. Mungu akuweke karibu na watu watakaokuambia ngoja, akupe moyo wa kuwasikia. Akushushe salama na akupandishe salama, kila siku ya maisha yako. Amina.