Watoto Sita Kwenye Bango

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema. Mimi nilisema haraka ndiyo wateja. Katika kibanda changu cha mtaa wa Birere nilitengeneza mabango ya matanga: picha ya marehemu, na maneno chini yake. Sikuandika upya kila mara. Nilifungua bango la maiti wa juzi, nikachukua tabaka zake za maandishi, zile tunazoziita kalke, nikazihamishia kwenye picha mpya, kisha nikabadilisha jina na tarehe. Nilijivunia ufundi huo, mjinga mimi.

Siku moja alikuja mtu aliyefiwa na kaka yake, mfanyabiashara aliyekuwa akienda mpakani Bunagana kila wiki kununua bidhaa. Kwetu mjane hukaa kwenye mkeka mpaka matanga yaishe. Habari za bango hupelekwa na ndugu za mume. Umeme ulikuwa unayumba, nikaharakisha. Jina nilibadilisha, tarehe pia. Kalke ya chini kabisa sikuigusa: “Anaacha mjane na watoto sita.” Huyu alikuwa na wawili, kama nilivyoambiwa. Ndugu yake naye aliitazama picha tu, akalipa, akaondoka.

Bango lilitundikwa mbele ya nyumba kule Katoyi mpaka matanga yakaisha. Kosa nililiona wiki iliyofuata, nilipofungua faili lile lile ili nihamishe maneno kwa maiti mwingine. Nilishikwa na aibu. Nikachapisha bango jipya, nikampelekea mjane mwenyewe.

“Mama, ni mimi njo nilikosa. Ile sita ilikuwa ya mutu mwingine.”

Akashusha sauti.

“Mimi nilisema mu roho ni bandugu yake njo balikupa ile hesabu. Nikasema, kumbe kule Bunagana alikuwa na bibi mwingine na batoto ine, na bote banajua, mimi tu njo sijue.”

“Hukuuliza mutu?”

“Mujane anauliza aje mambo ya vile kwa kilio? Sikumulilia, papa. Batu balisema ni Mungu ananipa nguvu. Ata pa kaburi, baliniambia nitupe udongo, nikakatala.”

Nilimkunjulia bango jipya. Alilisoma kwa kidole, polepole, mpaka kwenye watoto wawili. Hapo akaanguka chini akalia kwa sauti, akimwita mumewe, na majirani wakaja mbio wakiuliza nani amekufa.