Filamu Niliyoifunika kwa Kanga

Kiingereza nilijifunza peke yangu, kwa kamusi isiyo na jalada na filamu zenye maandishi chini. Ndiyo maana mpaka leo siiamini hata sentensi yangu moja. Kabla ya kuwatafsiria filamu vijana wa mtaa wetu hapa Ikwiriri, naitazama mara tatu, naandika daftarini kila nitakachosema, kisha nakaa kando ya televisheni na maiki na kuigiza sauti za wote, wanaume kwa wanawake. Neno moja likinitoka vibaya, naumwa nalo wiki nzima.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, mama wa nyumba ya pili alinijia na swali. Vijana walikuwa wameomba filamu ya vichekesho juu ya shujaa mwenye nguvu za ajabu: akipiga chafya tu, aliye mbele yake anapasuka vipande vipande. Kwenye jalada ilikuwa imeandikwa kwamba haimfai aliye chini ya miaka kumi na minane. Binti yake alikuwa na kumi na mitano.

Umri haukuwa tatizo lenyewe. Mwaka uliotangulia, mamba alimkata baba wa binti huyo mkono wa kushoto walipokuwa wakivuka mto kwenda shamba lao la mpunga, upande wa Mohoro. Binti alikuwemo ndani ya mtumbwi uleule. Tangu hapo hakuweza kutazama hata kuku akichinjwa, na kicheko chake kilikuwa kimepotea pale mtaani.

"Wenzake wote watakuwepo," mama yake aliniambia. "Nikimzuia, ni mimi niliyemfungia ndani. Nikimruhusu, sijui atarudi vipi. Wewe umeiona. Itamfaa?"

Ningesema sijui, ningekuwa nimesema kweli. Lakini mimi ni mtu wa kuogopa kuonekana sijui. Nikamwambia niachie mimi, nikarudi kwenye daftari na kuanza kuhesabu damu. Nilijitetea mwenyewe kwamba watoto wetu wanaona mbuzi wakichinjwa kila Idi, na kwamba damu ya filamu ile ilifanana na juisi ya rozela. Sehemu nyingi niliandika nitazirusha. Moja tu haikurushika: zimwi linamng'oa mkono rafiki wa shujaa, na rafiki anaanza kuutafuta huku akilalamika kwamba umeondoka na saa yake. Bila hapo mwisho haueleweki. Nikaamua nitaifunika televisheni kwa kanga, nibaki na sauti peke yake. Nilijiona nimemaliza kila kitu.

Sikukuu ya pili, baada ya alasiri, walijaa sebuleni kwetu. Binti alikaa karibu na mlango. Kwenye chafya ya kwanza nilimwangalia yeye badala ya daftari, alitabasamu kidogo. Nilifurahi mno, na nadhani furaha ile ndiyo iliyoniponza. Tulipofika kwenye mkono, nikatupa kanga juu ya televisheni. Wakazomea. Mmoja akasema dada kageuka shekhe. Niliogopa kuwapoteza, nikasema maneno yasiyokuwa daftarini, kwa sauti ya yule rafiki:

"Mamba kashiba nusu, kesho anarudia kitoweo!"

Walicheka, kisha wakageuka wote kwa pamoja kuangalia mlangoni. Binti alikuwa amekwisha kutoka.

Maneno yale hayakuwa yangu. Baba yake aliporudi kutoka hospitali, watani wake walikuja wakamwambia hivyohivyo, mbele ya mke na watoto, na yeye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa mkono uliobaki. Lakini wale ni watani. Mimi ni wa ukoo wao, bibi zetu walitoka tumbo moja. Kwetu mtani anaweza kuucheza msiba mpaka makaburini na akashukuriwa. Ndugu akisema neno lilelile, amekutukana.

Nilisimamisha filamu nikaenda kwao. Baba alikuwa barazani. Nilimwamkia, nikamweleza yote, pamoja na kanga, pamoja na kwamba nilitaka wacheke.

"Ile damu ya televisheni hainishughulishi, mwanangu," alisema. "Lakini maneno hayo yana wenyewe. Wewe ni wa nyumbani. Wa nyumbani analia nami, hanitanii." Akaelekeza kidevu uani. "Ila anayekudai si mimi."

Binti alikuwa ananawa uso kwenye ndoo. Nilimwomba msamaha kwa maneno mengi kuliko yaliyohitajika. Hiyo ndiyo kawaida yangu. Aliningoja nimalize.

"Kwa nini ulifunika?"

Nikasema, ili usione.

"Mimi nilikuwemo kwenye mtumbwi, dada. Nyinyi ndio hamkuona." Akajifuta kwa ncha ya mtandio. "Chini ya kanga nilimwona baba. Huko kwenye filamu kuna nini?"

Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa kumuuliza yeye. Akatangulia yeye kurudi kwetu, mimi nyuma yake. Vijana walimpisha. Akaitoa kanga mwenyewe, akaikunja, akaniambia nirudishe nyuma na niache kusema.

Nilirudisha. Mkono ulipong'oka damu iliruka kama bomba lililopasuka, na ndani ya bega ukaonekana waya. Binti alisogea karibu na kioo cha televisheni.

"Wa mpira," alisema. Kisha, "Rudisha tena."

Mara ya tatu alicheka. Kilikuwa kicheko kidogo, kikavu. Siwezi kuapa kwamba kilikuwa cha furaha. Wenzake walisubiri wamwone kwanza, ndipo nao wakacheka.

Mama yake alikuwa amefika mlangoni. Hakuitazama televisheni, alinitazama mimi, na nilijua bado anauliza kama itamfaa. Nilimsogezea mkeka, akaketi nyuma ya mwanawe, akauliza yule anayepiga chafya ndiye mwema au ndiye mbaya. Binti akaanza kumweleza.