Plastiki Iliyozikwa kwenye Vyungu vya Maua

Majirani walimwita Mama Plastiki, na yeye hakukasirika. Angekasirikaje, wakati kazi yake chuoni ilikuwa hiyo hiyo, kutwa kukoroga wanga wa mahindi maabara mpaka utoe utando mwembamba wa kufungia bandeji na sindano za hospitali? Wenzake hupika watu wakala. Yeye akipika, kinachoiva kinakwenda kuzikwa.

Maana utando mzuri ni ule unaokaa imara kabatini, halafu ukishatupwa uoze. Jamani, kuoza nako kuna kazi! Wa kwanza uliozea ndani ya boksi, bandeji zikabaki uchi. Wa pili ukawa mkaidi, ukafukuliwa vile vile ulivyozikwa. Wenye kiwanda waliokuwa wakiungoja wakaanza kununa. Mkuu wa maabara, mzee asiyejua kupakapaka maneno mafuta, akamwambia, "Binti yangu, huu wa tatu usipooza, kiwanda kinajitoa na kazi yetu inafungwa."

Maabara ilikuwa na udongo wake, umechujwa, umepimwa joto. Mama Plastiki akasema udongo ule umedekezwa mno. Akabeba vipande vyake nyumbani, akavizika kwenye vyungu vya maua barazani, kwenye udongo wa kweli wenye minyoo. Kila chungu akakitilia na kipande kimoja cha nailoni ya dukani, cha kulinganishia. Kisha akangoja wiki baada ya wiki, na kungoja si mchezo. Kila akipita pale mkono unamwasha kufukua, anajikanya mwenyewe.

Ila alifanya kosa moja: hakumwambia mama mkwe.

Mama mkwe alikuja kuwatembelea, na yule mama kukaa bure hawezi, hata umfunge kamba. Jioni moja Mama Plastiki akarudi kutoka kazini, akakuta udongo wa vyungu vyote umemwagwa juu ya gunia, na mama mkwe ameinama anapanda maua upya.

Akaketi pale pale kizingitini.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekusafishia vyungu, mwanangu. Maua yamekonda, kumbe yamelalia nailoni! Nani huyo anatupa takataka kwenye maua?"

Ungekuwa wewe ungepiga kelele. Hata yeye zilimfika kooni. Lakini mama mkwe hapigiwi kelele, hata akikubomolea nyumba.

"Hivyo vipande umevitupa wapi, mama?"

"Si hivyo hapo."

Vilikuwa vimepangwa ukingoni mwa baraza, kimoja kwa kila chungu, vizima, hata maandishi ya dukani yanasomeka. Nailoni tupu.

"Na vile vingine?"

"Vingine vipi tena? Udongo wote nimeuchekecha kwa chekeche, hata minyoo sasa naijua kwa sura. Hakuna kingine!"

Mama Plastiki akapiga magoti na nguo zake za kazini. Akaufikicha ule udongo konzi kwa konzi, akauleta machoni, akaurudisha, akaanza tena upya. Vijiwe. Mizizi. Minyoo iliyochoshwa na wageni. Akatoa simu kwa mkono wenye tope, akampigia mkuu wa maabara.

"Mzee, vyungu vimefukuliwa. Nailoni ipo yote. Wetu haupo."

"Haupo kabisa?"

"Nimetafuta hata mabaki. Hakuna."

Halafu ikasikika kelele, mzee anaita watu, watu wanapiga vigelegele, mtu anagonga meza, mpaka Mama Plastiki akaiweka simu mbali na sikio.

"Kumefiwa?" mama mkwe akauliza kwa hofu.

"Hapana, mama. Wanafurahi. Tumetafuta kitu, hatukukiona."

Mama mkwe akamtazama, akaitazama simu, akatikisa kichwa.

"Makubwa haya! Chuo kizima, watu wazima na akili zao, wanashangilia kukosa kitu."

Mama Plastiki akamkumbatia na tope lake lote, akalia kwa furaha, wala hakuona haya.