Sekunde Sabini na Tano

Kabla ya vita, mume wangu hakuhitaji hesabu kujua mahali pa kutega nyavu. Alisimama katikati ya mtumbwi akautazama mlima, na paa la kanisa lilipokaa sawasawa chini ya mkaratusi mkubwa, alijua jiwe la samaki liko chini yake. Nyavu alizitega hapo bila maboya, kwa sababu miaka ile ukiweka boya umemwonyesha mwizi mlango. Alizipata tena kwa kukokota ndoano ya chuma iliyofungwa kamba.

Halafu ziwa likafungwa. Wanajeshi walikataza watu kwenda majini, na nyavu zetu zote, kazi yote ya mume wangu, zikabaki chini siku tisa. Siku ya kumi wakatangaza kwamba ruhusa ni asubuhi tu. Atakayekutwa majini baada ya saa sita mchana atahesabiwa adui. Mume wangu akautazama mlima. Mkaratusi ulikuwa umekatwa ili watu wasijifiche, na mabati ya kanisa yalikuwa yamehama kwenda kusikojulikana. Akakaa mchangani.

Hapo nikajitokeza mimi, mwalimu wa hesabu, na kiburi changu chote. Mwaka mmoja nyuma, agronome, yaani bwana shamba, wa mradi fulani alikuwa amezunguka kutoka Kabezi hadi kwetu Rumonge, akipima sehemu za uvuvi kwa GPS, kimashine kinachoongea na satelaiti. Vita vilipomfukuza alituachia mashine na daftari. Betri zilikuwa zimekufa na mashine imesahau kila kitu, ila daftari lilikumbuka jiwe letu: kusini digrii 3 na 57,75, mashariki digrii 29 na 25,00. Nikachomoa betri za redio, nikaanza kazi.

Mashine ilitaka digrii, dakika na sekunde. Nikaandika dakika 57, sekunde 75. Ikakataa. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza kwa nini. Mimi nilifurahi, maana sababu niliijua: sekunde zikifika sitini zinakuwa dakika, kwa hiyo sabini na tano ni dakika moja na sekunde kumi na tano. Nikaandika 58 na 15, ikakubali. Nikawatangazia majirani kwamba hata satelaiti inahitaji mwalimu.

Kwa kuwa hakuna mwingine aliyeweza kuisoma, ilibidi nami nipande mtumbwini. Baba mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye mshika ndoano, hakutaka mwanamke chomboni. Alikubali kwa sharti kwamba nisiguse kamba wala nisitoe ushauri. Sharti la pili lilinishinda kabla hatujaacha ufuko.

Tulipofika mahali ilipoelekeza mashine, baba mdogo akatupa ndoano, akaikokota, ikarudi na matope. Akatupa tena, matope. Akaniuliza kwa upole kama kule shuleni tunakula matope. Mara ya sita jua lilikuwa juu sana, na mume wangu alikuwa ameacha kunitazama. Alitazama viganja vyake, mtu mzima mwenye viganja vilivyopasuka kwa kamba, na nikaona anavyojiuliza kesho atavifanyisha kazi gani. Nikaogopa kweli.

"Nimekosa mimi," nikasema. "Mashine haina kosa."

Nikawaeleza haraka. Ile koma haikutenga dakika na sekunde. Ilikuwa koma ya hesabu, ileile ninayowachapia watoto wa watu: dakika hamsini na saba na robo tatu. Robo tatu ya dakika ni sekunde arobaini na tano. Nilikuwa nimetupeleka sekunde thelathini kusini ya jiwe, karibu kilomita nzima. Baba mdogo akauliza ni nani aliyempa agronome ruhusa ya kukata dakika vipande kama sabuni. Sisi tulikuwa tunapiga makasia.

Kule kaskazini ndoano ilishika mara ya kwanza. Samaki walikuwa wameoza wakawa uji, na sote tulitapika kwa zamu, lakini nyavu zilikuwa nzima. Tuligusa mchanga huku askari akitazama saa yake.

Jioni tulikuwa uani tukizisafisha. Mume wangu hunichokoza kwa kuniita Madamu kama wanafunzi wangu, lakini safari hii hakuwa anachokoza.

"Madamu," akasema, "sisi wote hatujue kusoma ile kitu. Kama ungenyamaza, tungesema mashine njo imekufa. Hakuna mutu angejua. Murakoze."

Alinishukuru hivyo kwa lugha ya kwetu, akanitazama kwa heshima ambayo hata siku ya harusi sikuiona. Aibu ikanipanda mpaka masikioni, nikainamia nyavu. Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba kosa langu nililijua tangu ndoano iliporudi mara ya tatu.